Mke na mume kuendesha duka la vitabu Mombasa, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mke na mume wanaopenda vitabu na wanataka kula kwa vitabu hapa Mombasa: duka la mlango mmoja au miwili, mtaji wa kawaida, hakuna mshirika wa tatu. Nimezungumzia pesa na makubaliano zaidi kuliko vitabu vyenyewe, na nina sababu. Pesa za duka la vitabu huingia kwa wingi Januari shule zinapofunguliwa, huja tena kidogo mwanzo wa muhula wa pili na wa tatu, na miezi mingine huja shilingi kwa shilingi. Nyumba nayo inataka unga, mafuta na nauli kila siku. Wawili wasipoelewana mapema nani ana ruhusa ya kuigusa pesa ya Januari, na kwa jambo gani, ugomvi utaanza Machi na rafu zitakuwa tupu Agosti.

Hatua ya 1: Andikianeni

Kabla ya kutafuta mlango, kaeni kitako jioni moja watoto wakishalala, muandike karatasi. Mtaji umetoka wapi? Akiba ya nani, mkopo wa sacco wa nani, kiasi gani? Mke akiuza dhahabu yake kuongezea mtaji, semeni kama ile ni hisa yake dukani, au ni deni ambalo duka litamlipa, au ni zawadi. Siku ya kufungua duka mambo haya matatu yanafanana. Baada ya miaka 5 hayafanani hata kidogo. Kwa Waislamu kuna uzito wa ziada: mali ya mke ni yake mwenyewe, na nafaqa, yaani matumizi ya nyumba, inabaki juu ya mume hata mke akiwa ameweka pesa dukani.

Sheria ya Kenya nayo inasema kitu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu mchango wa mwenzi hata usipokuwa wa pesa: kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara ya familia. Kifungu cha 3 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu Mwislamu afuate sharia ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Kwa hiyo kila nyumba ijue inasimama wapi, na iandike. Mke anayeshinda dukani mwaka baada ya mwaka huku jina lake halipo kwenye leseni, benki wala mkataba wa kodi, anafanya kazi isiyoonekana, na mume mwenye kumtakia mema ndiye anayepaswa kulirekebisha jambo hilo kabla hajaombwa.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ubia wa watu wawili unakubaliwa. Likisajiliwa kwa jina la mmoja, akaunti na till (namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa) vinakuwa vyake peke yake. Akifariki, vinaweza kufungiwa mpaka mambo ya mirathi yatengenezwe, na anayebaki anakuwa na rafu zilizojaa na pesa asiyoweza kuitoa. Kampuni ina gharama zaidi za kuitunza, lakini inasimama mbali na wenyewe. Andikeni pia mlango wa kutoka: mmoja akitaka kuacha, stoki itathaminiwa kwa bei ya kununulia au ya kuuzia, na atalipwa sehemu yake kwa muda gani. Baada ya hapo kuna PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa, kinacholipiwa upya kila mwaka. Ulizeni ada ya bango kabla fundi hajalichora.

Hatua ya 2: Tafuteni mlango

Kila mtaa una msomaji wake. Karibu na Posta na Barabara ya Digo kuna wapita njia wengi, wazazi wanaoshuka matatu na orodha ya shule mkononi, na kodi ya hapo inajua hivyo. Mwembe Tayari kuna mabasi, kwa hiyo mzigo wa Nairobi unashuka karibu. Mji wa Kale, pande za Ngome, mtapata wageni na wenyeji wanaotafuta vitabu vya dini, mashairi na historia ya pwani, ila msimu wa shule hautawafikia sana. Nyali kuna wazazi wa shule za kibinafsi wanaonunulia watoto hadithi mwaka mzima. Likoni na Kisauni, mzazi hapendi kuvuka kuja mjini kwa ajili ya kitabu kimoja na madaftari mawili. Duka la huko lenye orodha za shule za karibu litampunguzia safari.

Simameni nje ya mlango mnaoufikiria, asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, kwa zamu, kisha linganisheni mlichokiona. Mume huona magari na mizigo, mke huona nani ameshika mtoto mkono, au kinyume chake. Faida ya kuwa wawili ndiyo hiyo.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme kitabu cha shilingi 800 mnakipata kwa 600. Faida ni 200. Kodi ikiwa 30,000 kwa mwezi, mnahitaji kuuza vitabu 150 kulipa kodi peke yake, kabla ya stima, nauli na chakula. Jiulizeni kama Machi mtaweza kuuza vitabu 150 na zaidi. Kodi hupimwa kwa mwezi mkavu. Anayeipima kwa Januari atapata mlango mzuri asioweza kuulipia.

Mkiombwa kilemba cha kuingilia dukani, jueni kwamba pesa hiyo ni nadra kurudi, na mpewe maandishi. Nchini Kenya duka lililopangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, linalindwa na sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301: mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi au kuwatoa lazima awape notisi ya maandishi ya angalau miezi 2, na mkikataa kuna baraza maalum la kodi za majengo ya biashara la kusikiliza kesi. Mpangaji asiyejua haya hutishika kwa maneno ya mdomo.

Hatua ya 3: Kingeni vitabu na unyevu

Hili ndilo linalotutofautisha na Nairobi. Karatasi hunywa maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji na chumvi mwaka mzima. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni na zaidi Mei, majalada hupinda yenyewe, pini za vijitabu hushika kutu, na ukungu hutokea nyuma ya rafu pasipopita upepo. Nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ni za kupendeza, lakini kuta zake huvuta unyevu kutoka chini.

Rafu zisiguse ukuta. Acheni nafasi ya vidole vinne. Rafu ya chini kabisa iwe juu ya sakafu kwa shubiri moja au zaidi, kwa sababu ya maji ya mvua na mchwa. Mbao za kubandika za unga wa mbao huvimba na kulegea kwa hewa hii, kwa hivyo mlipe fundi atumie mbao ngumu iliyokauka vizuri hata kama mtaanza na rafu chache. Msibane vitabu mpaka vikawa havitoki. Pangaboi liwake mchana kutwa miezi ya masika, na madirisha ya juu yabaki wazi mvua inapokatika. Dirisha la kioo linalotazama magharibi litachuja rangi za majalada, kwa hiyo hapo wekeni madaftari na mifuko ya shule.

Vitabu vya mtumba vikija, visiingie moja kwa moja kwenye rafu. Viwekeni kando wiki mbili, vipigwe upepo kivulini, vikaguliwe mgongo na gundi, maana ndani yake hujificha vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokula gundi na karatasi. Kisha iwe desturi: kila asubuhi rafu moja inashushwa, inafutwa, vitabu vinafunguliwa na kurudishwa. Mkishafika ya mwisho mnaanza ya kwanza tena. Hakuna dawa inayoshinda mkono unaogusa vitabu kila siku.

Hatua ya 4: Amueni mtauza nini

Zamani shule za umma zilinunua vitabu madukani. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua kwa wachapishaji na vitabu kupelekwa moja kwa moja shuleni. Anayefungua duka leo akitegemea oda za shule za umma anajenga juu ya kitu ambacho hakipo. Kilichobaki ni shule za kibinafsi, vitabu vya ziada na mazoezi, kamusi, hadithi, dini, na vifaa vya shule.

Kwa vitabu vya kiada, fuateni orodha ya vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kisha nendeni shule za kibinafsi za karibu mwezi wa Oktoba na Novemba muombe orodha zao za mwaka unaokuja. Mwalimu mkuu mmoja huweza kuchagua kitabu tofauti na wa jirani, na mzazi akija na orodha anataka vyote mahali pamoja. Muwe waangalifu na vitabu vya kidato vya 8-4-4, mtaala wa zamani unaoondolewa: KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwisho ya mtaala huo ni ya 2027, kwa hiyo kila nakala mnayonunua sasa ina siku zinazohesabika. Muuzaji wa jumla akiwapa bei nzuri sana ya vitabu hivyo, anaondoa mzigo wake.

Rafu ya dini inahitaji adabu pamoja na elimu. Misahafu na juzuu zikae juu, zisiwekwe chini ya vitabu vingine, wala karibu na sakafu. Biblia na vitabu vya nyimbo navyo vipewe mahali pake pa heshima. Mteja wa Mombasa huangalia hili akiwa bado mlangoni. Waulizeni walimu wa madrasa chapa gani wanafundishia kabla ya kuagiza, kwa sababu mtoto akienda na chapa tofauti na ya wenzake, kurasa hazilingani.

Rafu ambayo ningependa kila duka la hapa liwe nayo ni ya mashairi na maandishi ya pwani. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, na bado kuna watu wanaotungiana na kujibizana kwa mashairi. Tena tangu 2021, Abdulrazak Gurnah aliyezaliwa Zanzibar alipopata Nobel ya fasihi, msomaji wa Kiswahili ana sababu mpya ya kuuliza waandishi wa upande wetu wa bahari. Rafu hii haitalipa kodi. Itawafanya watu wavuke mitaa mitatu kuja kwenu badala ya kuingia duka lolote la vifaa vya shule.

Na vifaa vya shule msividharau. Kalamu, madaftari, seti za jometri, karatasi za kufunikia vitabu na kutoa kopi ndivyo vinavyoleta pesa za kila siku.

Hatua ya 5: Nunueni kwa mpango

Ombeni mali kauli kila inapowezekana: mnachukua vitabu, mnauza, mnalipa vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki kwa tarehe iliyoandikwa. Mchapishaji hampi mali kauli mtu asiyemjua, hivyo mwaka wa kwanza mtanunua kwa pesa taslimu na kulipa kwa wakati mpaka mjulikane. Maonyesho ya vitabu ya kimataifa ya Nairobi, yanayoandaliwa na chama cha wachapishaji wa Kenya mwezi wa Septemba, ni mahali pazuri pa kuwaona wengi kwa safari moja. Aende mmoja, mwingine abaki na duka, na aliyekwenda awe na orodha na kiwango cha pesa mlichokubaliana. Vitabu vizuri vikiwa vimepangwa mezani humfanya mpenda vitabu asahau mfuko.

Mzigo ukifika kwa basi au treni, fungueni siku hiyohiyo, mhesabu mkiwa wawili, mmoja akisoma ankara, mwingine akigusa nakala. Kurasa zilizorukwa, wino hafifu, mgongo ulioshonwa vibaya na bei ya chini kuliko kila mahali ni dalili za kitabu cha kughushi. Msikiuze. Mbali na kosa la hakimiliki, mzazi atakirudisha kikiwa kimeachia kurasa kabla muhula haujaisha.

Hatua ya 6: Mifuko miwili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na duka la vitabu ni shahidi wake. Mfuko wa duka na mfuko wa nyumba vitengane kabisa. Duka liwe na till yake ya M-Pesa na akaunti yake ya benki, zote mbili mkiwa na ruhusa ya kuziona nyote. Asiwepo anayelipia gesi ya nyumbani kwa pesa ya droo, hata mara moja, hata kama atarudisha kesho.

Kila mmoja alipwe mshahara na duka, tarehe ileile kila mwezi, hata ukiwa mdogo. Aliye nyumbani nusu ya siku na watoto naye alipwe, maana bila yeye mwenzake asingefungua mlango. Mshahara ukishatoka ni wa nyumba, na kinachobaki ni cha duka.

Katika kile kitabu cha 800, shilingi 600 ni za kununulia kitabu kijacho au kumlipa mwenye mali kauli. Zitengwe jioni ileile.

Sasa pesa ya Januari. Chukueni gharama za mwezi: tuseme kodi 30,000, stima, intaneti na mlinzi 8,000, mishahara yenu miwili 40,000. Jumla 78,000. Kama mwezi mkavu unaleta faida ya 55,000 kabla ya gharama hizo, kuna pengo la 23,000. Miezi mikavu ikiwa 8, pengo la mwaka ni 184,000. Kiasi hicho kitoke kwenye faida ya Januari kwanza, kabla ya jambo lolote jingine, kiingie akaunti ya pembeni, na kila mwisho wa mwezi mkavu mtoe 23,000 tu. Wasiotaka riba wana benki za Kiislamu. Karo ya watoto wenu ambayo huangukia Januari hiyohiyo itoke kwenye akiba ya mishahara. Najua ni vigumu, pesa ikiwa imejaa droo na shule inapiga simu. Ndiyo maana makubaliano yaandikwe Novemba, vichwa vikiwa baridi.

Kodi ya serikali nayo ihesabiwe mapema. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3, hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inakatwa kwenye mauzo yote, bila kuangalia faida. Kwenye kitabu cha 800 ni shilingi 24, faida yenu ya 200 inabaki 176, na vile vitabu 150 vya kulipa kodi ya duka vinakuwa 171. Biashara yenye faida nyembamba kama hii huumia, na sheria inaruhusu kumwandikia Kamishna ili mlipe kodi ya kawaida ya mapato badala yake. Mtafuteni mhasibu awalinganishie njia zote mbili. Shule na ofisi zitadai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo jisajilini mapema.

Hatua ya 7: Nani anaamua nini

Gawaneni mamlaka, kazi zitafuata. Mmoja awe na neno la mwisho kwenye vitabu: nini kinaingia, nini kinatoka. Mwingine awe na neno la mwisho kwenye pesa: nani analipwa lini. Mnashauriana kila kitu, lakini mkishindwa kukubaliana, mwenye eneo lake anaamua na mwenzake anaacha. Wekeni kiwango, kwa mfano 10,000, ambacho hakuna anayekivuka bila kumwambia mwenzake.

Msipingane mbele ya mteja. Mume akishataja bei, mke asiipunguze, na kinyume chake. Mteja akigundua kuna mlango wa huruma atausubiri. Mambo ya duka yajadiliwe dukani siku moja ya wiki, kabla ya kufungua, na daftari likiwa mezani. Chumbani yasiingie.

Jamaa watakuja, na ni wenu, hamuwezi kuwafukuza. Dada yake mume ataegemea kaunta aseme, "Wifi, niandikie tu, nitalipa mwisho wa mwezi." Jibu moja la wote wawili: duka halikopeshi. Mpwa akihitaji kitabu, mnunulieni kwa pesa ya mfuko wa nyumba, na mauzo yaandikwe kama ya mteja yeyote. Hivyo mnasaidia ndugu na duka halijui. Kwa shule, mkopo uwe na oda ya maandishi yenye sahihi, na deni la zamani lilipwe kabla ya jipya.

Saa za kazi zifuate mji. Ijumaa mlango ufungwe kabla ya adhuhuri, na Ramadhani wengi hufunga alasiri mapema na kufungua tena baada ya tarawehe. Wateja wanatembea usiku huo wakiwa na familia, na meza ya hadithi za watoto mlangoni hufanya kazi vizuri. Januari hakuna mapumziko, kwa hiyo siku za kupumzika zipangwe Februari, mmoja baada ya mwingine, kisha pamoja.

Hatua ya 8: Hesabu ya Novemba

Hesabuni stoki mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba. Andikeni kila kitabu na ISBN yake, ile namba ya kitabu ya tarakimu 13, tarehe kilipoingia na nakala zilizobaki. Kitabu ambacho hakijauza hata nakala moja mwaka mzima ni mali iliyolala. Cha mali kauli kirudishwe. Kilicholipiwa kiende kwenye meza ya nje kwa nusu bei, pamoja na vilivyopinda majalada, na kilichobaki hadi katikati ya Disemba kipelekwe maktaba ya shule au madrasa ya mtaani, ili maboksi ya Januari yapate pa kukaa.